Karatasi 11 chini ya godoro

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 12, mwembamba kama ufito, anakula asubuhi mpaka jioni na hakionekani kinakokwenda. Wa pili ni wa kike, ana miaka 9. Huyu ndiye anayeninyima usingizi.

Mimi nilikuwa mtoto mnene. Sisemi yule mtoto wa mashavu ambaye kila mgeni anataka kumbeba. Siku ya kupimwa uzito darasani, mwalimu alisoma namba yangu kwa sauti, akairudia, kisha akaigonga mizani kwa kidole kuona kama ni nzima. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Pipa, na jina hilo lilinifuata mpaka namaliza shule. Nyumbani nako mama, kwa nia njema, alifunga kabati la vyakula kwa ufunguo. Kaka zangu wakiongezewa, mimi niliambiwa "inatosha". Nikajifunza kula nimesimama nyuma ya mlango. Biskuti unaiacha kwanza ilowe mdomoni, halafu ndiyo unatafuna, haitoi mlio. Karatasi nilizikunja mara nne, mara nane, mpaka zikawa vijipande vya kuingia kwenye mshono wa godoro.

Nilipofika miaka 19 nilijinyima nikawa nakula mlo mmoja kwa siku. Kwa miezi mitano nilipungua kilo 22. Sijawahi kusifiwa maishani kama wakati ule. Ndani ya miaka miwili zilirudi zote, zikaja na wenzake. Nimeshafanya hivyo mara tatu. Mwaka jana nikasema basi, sasa nakwenda taratibu. Natembea kila asubuhi, nimeacha soda, nimepungua kilo 8 na mpaka leo hazijarudi. Ila kila nikipanda mizani moyo unanienda mbio, nasubiri tu siku zitakaporudi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nageuza godoro la binti yangu. Chini yake nikakuta karatasi 11 za biskuti, zimekunjwa vidogo vidogo, bapa kabisa. Nilikaa chini sakafuni. Hakuna aliyemfundisha kukunja vile, Shangazi.

Nesi alimpima mwanzoni mwa mwaka akasema uzito umezidi kwa urefu wake, "mpunguzie chakula". Mume wangu anasema mtoto atarefuka, mafuta yataisha yenyewe, nimwache. Mama mkwe anasema nimbane mapema, samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimejikuta nahesabu vijiko vyake. Jumapili alinyoosha mkono aongeze, nikasikia sauti imenitoka: "Inatosha." Ilikuwa sauti ya mama yangu, na neno ni lile lile. Mtoto aliweka kijiko, akaniangalia, akainuka mezani.

Nimsaidieje bila kumfanya awe mimi? Nimwambie kwamba nimeziona zile karatasi? Na mimi mwenyewe, je, kuna siku nitakuwa nimemaliza?

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na lile kabati la mama yako. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye. Lilikupunguza kilo ngapi?

Jibu unalo. Halikukupunguza hata moja, na likakufundisha kutafuna bila mlio. Mtoto akinyimwa kitu ambacho wenzake mezani wanapewa, kitu hicho kinakua kichwani mwake. Siku akikipata anakila upesi, kingi, kabla hakijaondolewa, na tumbo likisema nimeshiba halisikiki. Wanaochunguza ulaji wa watoto wameliona hili tena na tena: chakula kinachozuiwa waziwazi ndicho mtoto anachokiendea hata kama hana njaa. Kwa hiyo zile karatasi usizisome kama ulafi. Zinakuambia kwamba mle ndani kuna chakula ambacho binti yako anaona hana ruhusa nacho. Inawezekana hukuwahi kumkataza kwa mdomo. Macho yako juu ya sahani yake yametosha, maana mtoto wa miaka 9 anayasoma macho ya mama kuliko kitabu chochote.

Mama yako simlaumu, na wewe mpunguzie. Mimi wanangu niliwalea kwa "maliza sahani, hakuna kuacha", nikidhani nawajenga. Mama yako alikuzuia ukiwa na njaa, mimi niliwashindilia wakiwa wameshiba. Sote wawili tulitaka kushiba kwa niaba ya mtoto.

Mume wako na mama mkwe kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Ni kweli mtoto wa umri huo bado anarefuka, na mara nyingi daktari hatafuti kumpunguza kilo. Anataka uzito usikimbie, urefu upate nafasi ya kuufikia. Lakini kusema "yataisha yenyewe" ni kucheza bahati nasibu. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye unene uliokithiri huingia nao ujanani, na katika vijana 10 wenye unene huo, kama 8 hufika nao utu uzima. Wa kwako huenda hajafika huko, maneno ya nesi hayaonyeshi. Mama mkwe naye ana haki aliposema mapema. Ile methali ya samaki siigombi, ila wa kukunjwa hapa ni nyumba nzima, baba yao akiwemo.

Nesi kusema "mpunguzie chakula" na kuishia hapo hakutoshi. Mpeleke kwa daktari wa watoto, aangalie uwiano wa uzito na urefu wake kwenye chati ya umri wake na jinsia yake, na aangalie mstari wa miaka kadhaa, kwa sababu kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Mweleze kama mtoto anakoroma na kukata pumzi usingizini, kama ngozi ya shingoni au kwapani imekuwa nyeusi na nene kama uchafu usiotoka kwa kusugua, kama anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, kama ameacha kurefuka, au kama anachechemea kwa maumivu ya nyonga au goti. La mwisho hilo usilisubirishe. Na kabla hamjaingia, mwombe daktari kando asisome namba kwa sauti mbele ya mtoto. Sababu unaijua wewe.

Sasa nyumbani. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani Leonard Epstein na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wanene waliowafuatilia kwa miaka 10. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao mzazi naye aliingizwa kwenye mpango, akabadili ulaji wake na mwenendo wake sambamba na mtoto. Mtoto akilengwa peke yake, mambo hayakudumu vile. Nimekaa na wazazi wengi wenye swali kama lako, na naona wengi wanakwama palepale: wanataka mtoto mmoja abadilike katika nyumba ambayo haijabadilika.

Hata wewe. Umeniandikia kwamba umeacha soda. Hujaniandikia kwamba nyumba imeacha.

Ningekuwa wewe ningeanzia hapo hapo, kwenye vinywaji, kwa sababu sukari ya kunywa inapita kooni bila tumbo kuihesabu. Kopo moja la soda la mililita 330 lina sukari ya kama gramu 35. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya 10 ya nguvu yote tunayoipata kwenye chakula, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Kwa kopo moja umeshavuka, bado hujala. Juisi za dukani nyingi hazina tofauti kubwa. Weka jagi la maji mezani, na kila mtu anywe hayo, pamoja na ufito wako wa miaka 12. Meno yake na ini lake hayana habari kwamba yeye ni mwembamba.

Halafu meza yenyewe. Kuna mgawanyo wa kazi ambao wataalamu wa lishe ya watoto wameufundisha kwa miaka mingi, nami naukubali: mzazi anaamua kinachopikwa, saa ya kula na mahali pa kula, mtoto anaamua ale kiasi gani. Ukivuka mpaka kuingia upande wake, ndipo unapoanza kuhesabu vijiko. Akivuka kuingia upande wako, ndipo mnapokula biskuti badala ya chakula cha jioni. Kwa hiyo pika chakula cha watu wote, mboga na matunda yawe mengi na yawe karibu na mikono, bakuli liwe katikati, kila mtu ajipakulie. Saa za milo zijulikane, na katikati kuwe na kitu kidogo, nacho kwa saa inayojulikana. Mtoto anayejua chakula kinakuja saa fulani hana sababu ya kukitafuta chini ya godoro.

Akinyoosha mkono aongeze, mwache aongeze. Najua hilo litakuwa gumu kwako kuliko yote niliyoandika humu. Ukiona neno linakupanda kooni, inuka ukachote maji.

Biskuti usizipige marufuku. Zitoe gizani. Chagua siku, tuseme Jumatano na Jumamosi, ziwekwe kwenye sahani, mezani, kwa watoto wote wawili, bila hotuba. Siku nyingine hazipo nyumbani, basi, hakuna cha kufungia. Wiki za kwanza atakula kama vile kesho hakuna. Uma ulimi. Hajaamini bado kwamba Jumatano itarudi. Ikisharudi mara kadhaa, kuna siku utakuta nusu ya biskuti imeachwa kwenye sahani, yeye ameshatoka nje. Usishangilie, usimwite baba yake aje kuona. Ipanguse pamoja na makombo uendelee na kazi zako.

Mazoezi nitayapitia haraka kwa sababu mtoto wa miaka 9 hahitaji mazoezi, anahitaji kucheza. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni wastani wa dakika 60 kwa siku za kutoka jasho, na kuruka kamba, kukimbizana, kucheza muziki sebuleni na kaka yake, vyote vinahesabika. Ninachokukataza ni kumwambia "kacheze upungue". Hapo umeufanya mchezo kuwa adhabu ya mwili wake. Usingizi nao watu wanaudharau. Umri wake unahitaji saa 9 mpaka 12, na mtoto asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyo ya kawaida. Simu zilale sebuleni, na ya baba pia.

Maneno. Hapa sina utani. Nyumbani kwenu mwili wa mtu usiwe mada, awe mnene au mwembamba, awe ndani au anapita barabarani. Hata ufito, ambalo na mimi nimelitumia humu kwa kukufuata wewe, tuliache. Mama mkwe aambiwe, na mumeo ndiye wa kumwambia, asikuachie wewe kazi ya mama yake. Siku ukisimama mbele ya kioo ukajishika tumbo na kuguna, kumbuka kuna mtu mlangoni anajifunza namna ya kujitazama. Na muulize taratibu, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mambo ya shuleni yakoje, nani anacheza na nani, nani anamwita nani jina gani. Kama kuna Pipa mwingine amezaliwa huko, nenda ukazungumze na mwalimu wake, na uulize kama wanapima uzito mbele ya darasa.

Nakuja kwako, maana umejiweka mwisho kama mama wote.

Umeuliza kama kuna siku utakuwa umemaliza. Hapana, haipo. Kaa kidogo, usiifunge barua. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba idadi ya seli za mafuta mwilini hujipanga utotoni na ujanani, kisha utu uzimani haibadiliki sana. Mtu akipungua, seli husinyaa lakini idadi inabaki. Tena mwili uliopungua haraka huongeza njaa na kubana matumizi, kana kwamba umeingia mwaka wa njaa, na hali hiyo inaweza kuendelea mwaka mzima au zaidi. Ukiweka hayo mawili pamoja utaona kilichokutokea ukiwa na miaka 19. Ulikula mlo mmoja kwa siku miezi mitano, mwili ukapigania uhai wako, ukashinda. Wewe ukauita uvivu, na watu wakakusaidia kuuita hivyo.

Utafiti mwingine nakupa ubaki nao. Mwaka 2011 zilichapishwa takwimu za watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa tangu utotoni kwa wastani wa miaka 23. Wale waliokuwa na uzito uliozidi wakiwa watoto, lakini ukubwani hawakuwa na unene uliokithiri, walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu inayofanana na ya wale ambao hawakuwahi kunenepa. Utoto wako haujakuhukumu. Na hizo kilo 8 unazozitazama kwa wasiwasi zinaweza kuwa zimeshafanya kazi, kwani kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito huonekana kwenye shinikizo la damu na kwenye sukari. Kapime hivyo viwili, uwe na namba nyingine za kufuatilia mbali na ya mizani.

Matembezi yako ya asubuhi yalinde kuliko mizani. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakakuta wengi inawachukua kama siku 66 mpaka jambo lijiendeshe lenyewe. Kuna waliotumia 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho libandike mahali, kwa sababu mtu aliyelelewa kwa kufuli huwa na tabia ya kusema "nimeshaharibu leo, bora nile vyote". Siku moja haiharibu. Mwaka mzima wa kutembea umeshapita hizo 254, mwanangu. Hiyo ni yako sasa, huisukumi tena.

Nina swali nami. Bado unakula umesimama? Hukuniambia, lakini mwenye kuizoea tabia ile haachani nayo kirahisi. Kama ndivyo, kabla ya kupunguza chochote, kaa. Chochote unachokula, hata kipande kimoja cha biskuti, kiweke kwenye sahani, vuta kiti, kaa, kila mtu akuone. Na kama kuna nyakati unakula kwa siri mpaka unaumwa, au unajitapisha baadaye, hilo barua ya Shangazi hailiwezi. Nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia, kuna tiba yake.

Karatasi sasa. Zitupe, usimwonyeshe. Wewe ungekufa kwa aibu mama yako angezimwaga mbele yako, na yeye si tofauti. La kumwambia lipo, na ni kuhusu Jumapili. Mtafute mkiwa wawili, mnakunja nguo au mnaosha vyombo, macho yasikutane sana, umwambie: "Siku ile nilikwambia inatosha. Tumbo ni lako, mimi sijui limeshiba saa ngapi. Nisamehe." Usiongeze ushauri. Kama atauliza kwa nini ulisema vile, mwambie kwamba ulipokuwa mdogo kabati lenu lilikuwa na kufuli. Ya mlango na godoro asimulie yeye kwanza, siku akitaka.

Ukipata nafasi niandikie baada ya miezi mitatu. Usinitumie kilo zake. Niambie tu Jumatano zinaendaje.

Shangazi